Daftari la Nyama na Kitabu cha Sheria

*Vyuo humfundisha kijana kushinda daawa. Soko la Burma lamtaka mtu ajuaye kuimaliza.*

Ilikuwa yapata saa nne za asubuhi ya Jumamosi, saa ambayo nyama iliyoshushwa alfajiri imekwisha kukatwa na kugawanywa, na wauzaji wa Soko la Burma, baada ya kuwahudumia wanunuzi wa jumla waliofika kungali giza, hupata wasaa wa kukalia makreti na kunywa supu. Ndipo sauti mbili zilipopanda karibu na mizani moja, ya mwanamume mwenye bucha na ya mwanamke mwenye kibanda cha chakula huko Kaloleni, na wapita njia wakasimama kusikiliza, kama ilivyo ada ya soko lolote.

Ugomvi ulikuwa juu ya daftari. Kwa muda wa majuma kumi na moja mama yule alikuwa akichukua nyama kwa mkopo, na daftari la mwenye bucha, lililochakaa kingo na kulowa mafuta, lilionyesha deni la shilingi 23,600. Naye mama akashikilia kwamba deni lake halizidi 17,900, kwa kuwa shilingi 3,200 alizituma kwa simu wala hazikuandikwa, na nyama ya shilingi 2,500 aliirudisha kwa sababu ilikuwa imechacha.

Maneno yalipofikia kutaja wizi, na panga likagongwa juu ya gogo kwa namna isiyokuwa ya kukata nyama, aliinuka mzee mmoja auzaye matumbo na vichwa, akafuta mikono yake kwa koti ambalo zamani lilikuwa jeupe, akaliomba daftari.

“Mama, ile usiyoikataa ni pesa ngapi?”

“Elfu kumi na saba na mia tisa, mzee.”

“Hiyo tuiweke kando. Hiyo haina kesi.”

Kisha akaomba simu. Ujumbe wa M-Pesa ulikuwapo, na tarehe yake, na jina la kijana wa bucha aliyepokea fedha kwa laini yake mwenyewe. Naye kijana, macho yakiwa sakafuni, akakiri kwamba aliwalipa watu wa mkokoteni kwa fedha zile akasahau kumwambia mwajiri wake. Shilingi 3,200 zikafutwa bila mjadala zaidi.

Ikabakia nyama iliyochacha. Mchukuzi mmoja alisema aliiona ikirudishwa, lakini jioni, jua likiwa limekwisha kuichoma. Na mwenye bucha, kwa upande wake, hakukana kwamba usiku wa kuamkia siku ile umeme ulikatika na friji ikazima. Mzee hakutamka hukumu yoyote. Aliwauliza tu, mmoja baada ya mwingine, kila mtu angeridhika kubeba kiasi gani cha hasara ile, kisha akanyamaza, na kimya chake kikawa kirefu hata nikaona haya kwa niaba yao.

Mwenye bucha akabeba 1,000, mama akabeba 1,500. Deni likawa shilingi 19,400: 5,000 papo hapo, na 1,200 kila juma kwa majuma kumi na mawili. Mzee akageuka nyuma, akamwita binti aliyekuwa akihesabu fedha katika bucha ya mjomba wake, akamwambia: “Wewe unasomea mambo haya. Tuandikie.”

Binti yule yuko mwaka wa 3 katika kitivo cha sheria cha chuo kimoja cha hapa Nairobi. Alichukua karatasi, akashika kalamu, akasita.

MHARIRI NA MATUMBO

Mhariri alikuwa amenituma niandike jinsi vijana wetu wanavyoandaliwa vyuoni kwa kazi ya kutatua migogoro ya madai, yaani ile isiyokuwa ya jinai: madeni, mikataba, mali, kodi za nyumba, fidia. Mtu mwenye akili timamu angaliianzia safari hiyo Parklands, kwenye kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi, au Karen, kwenye Kenya School of Law. Nami nilikusudia hivyo, lau si kwamba Jumamosi ile nilikuwa nimepitia Burma kununua matumbo.

Sitaki msomaji adhani kwamba nimekuja kuwasifu wazee wa soko na kuwabeza maprofesa, kwa maana mtindo huo wa maandishi ni mwepisi na aghalabu si wa kweli. Ila kule kusita kwa binti kulinishughulisha. Alikuwa amesoma sheria ya mikataba mwaka mzima akaifaulu. Na sasa mkataba, ulio hai na wenye harufu ya damu, umewekwa mbele yake, naye hajui uanze kwa neno gani.

JINA LILILOTOKA VITANI

Soko hili liko ubavuni mwa Jogoo Road, jirani na uwanja wa City Stadium, katikati ya mitaa ya zamani ya Waafrika wa Nairobi: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, na Pumwani hapo nyuma. Jina lake, husimulia wazee, lililetwa na askari wa King's African Rifles waliorejea kutoka vita vya pili vya dunia, vita ambavyo ndani yake Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 ikimfukuza Mjapani hadi mto Chindwin.

Watu waliokusanyika katika mitaa hii walitoka kila upande wa nchi, wakiwa na mila mbalimbali za kukata shauri, na serikali ya kikoloni iliwawekea Mahakama za Kiafrika zilizohukumu kwa desturi, mbali na mahakama za Wazungu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1967 ilizifuta, ikaleta mfumo mmoja kwa watu wote. Na hilo lilikuwa jambo la insafu, maadamu haki ya kubaguliwa kwa rangi si haki. Lakini pamoja na ubaguzi ikaondoka pia ile dhana kwamba mtu aweza kufika mbele ya baraza akasema neno lake kwa lugha yake bila kumlipa msemaji.

Wakili, katika miaka ile, alikuwa kiumbe adimu. Mwafrika aliyetaka kuwa wakili ilimbidi kuvuka bahari hadi London na kukaa katika vyama vya mawakili vya huko, kama alivyofanya Argwings-Kodhek, ambaye hutajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili katika Kenya. Mnamo 1961 ndipo masomo ya sheria yalipofunguliwa Dar es Salaam, yakawa kitivo cha kwanza cha chuo kikuu kile. 1963 ikaundwa Kenya School of Law. Na 1970 Nairobi ikapata kitivo chake.

Nayataja haya kwa sababu moja tu. Elimu iliyoanza kwa kuigiza vyama vya mawakili vya London ilianza, hapana budi, kwa kumwazia wakili kuwa mtu asimamaye mbele ya jaji, kavaa joho, akishindana na wakili mwenziwe kwa Kiingereza fasaha. Picha hiyo bado imetundikwa ukutani.

MASOMO 16 NA LISILOKUWAMO

Njia ya kijana wa leo ni hii: miaka minne ya shahada, kisha mwaka wa mafunzo ya uwakili pale Karen, wenye masomo tisa, kisha miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu, na mtihani ambao wengi huanguka wakaurudia, kabla ya kuapishwa na kutia saini katika orodha ya mawakili.

Sheria ya Elimu ya Sheria ya 2012 imeorodhesha masomo 16 ambayo hapana apataye shahada bila kuyapitia. Mna mikataba, ushahidi, jinai, katiba, mali, familia na mirathi, sheria ya kazi, hata sheria ya mataifa. Hamna somo liitwalo usuluhishi wala upatanishi. Chuo chaweza kulifundisha, na vingi vinalifundisha kwa hiari ya mwanafunzi, tena kwa uhodari. Walakini jambo la hiari, katika ratiba iliyojaa na akili iliyochoka, hujulikana hatima yake.

Hata mashindano yetu huelekea upande wa kubishana. Yako mashindano ya kila mwaka huko Vienna, yaitwayo Willem C. Vis, ambamo wanafunzi kutoka pande zote za dunia hujadili shauri la kubuni la uuzaji wa bidhaa mbele ya waamuzi wa mazoezi, na vijana wa Kenya hushiriki wakajipatia faida kubwa. Sina neno juu yake. Nastaajabu tu kwamba kijana aweza kupanda ndege akaenda Austria kubishania bidhaa ambazo hazikuwako, ilhali matatu ya Jogoo Road ingalimfikisha kwenye bidhaa zilizochacha kweli.

> Kijana aweza kupanda ndege akaenda kubishania bidhaa ambazo hazikuwako, ilhali matatu ya Jogoo Road ingalimfikisha kwenye bidhaa zilizochacha kweli.

NENO “SULUHU” NA JAMAA ZAKE

Yafaa nisimame kidogo hapa, kwa kuwa magazeti yetu, na hili ninaloliandikia likiwamo, huyachanganya maneno. Mpatanishi ni mtu asiyeamua. Huwakalisha wadaawa, husikiliza, huuliza, huwapelekea maneno, na mwisho wao wenyewe ndio watoao tamko. Hakamu, kwa maana ya zamani ya neno hilo, ni mtu ambaye wadaawa wamemteua awaamulie, nao wamejifunga kuutii uamuzi wake: kwa Sheria ya Usuluhishi ya 1995, Mahakama Kuu haiwezi kuutengua uamuzi huo ila kwa sababu chache sana zilizotajwa, na mwenye kuupinga ana miezi mitatu tu ya kufanya hivyo. Mzee wa matumbo, basi, alikuwa mpatanishi, na kile kimya chake kirefu kilikuwa chombo chake cha kazi.

Watu wa Pwani walikuwa wakiijua sulhu kabla ya chuo chochote kujengwa, na kadhi wa leo, ambaye Ibara ya 170 ya Katiba yampa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu walioikubali mahakama yake, hajaacha desturi ya kuwauliza wanaokuja mbele yake kama wamejaribu kuelewana nyumbani. Wakazi wa Pumwani hawahitaji kufundishwa hilo.

Katiba ya 2010 ilipokuja, Ibara ya 159 iliwaamrisha mahakimu na majaji wote wazikuze njia hizo: maridhiano, upatanishi, uamuzi wa mahakamu, na mila za jadi, mradi mila hizo zisivunje haki za binadamu. Aprili 2016 Mahakama za Milimani zikaanza kwa majaribio kuyatoa majalada ya biashara na ya familia na kuyapeleka kwa wapatanishi walioidhinishwa, kwa muda wa siku 60. Yasemwayo ndani ya chumba kile ni siri. Yakiafikiwa huwa amri ya mahakama, na hayana rufaa. Na Agosti 2020 Jaji Mkuu David Maraga akazindua sera ya mifumo mbadala ya haki, iliyotokana na kazi ya jopo lililoongozwa na Jaji Joel Ngugi.

Mpatanishi wa namna hiyo si lazima awe wakili. Aweza kuwa mhasibu, mwalimu, mhandisi, au shehe. Kwa hiyo kijana wa sheria anayedhani kwamba kiti hicho amewekewa yeye hajasoma vizuri. Itambidi akigombanie na watu ambao wamezoea kuwasikiliza wanadamu.

MAHAKAMA YA SIKU 60

Tuseme mzee asingekuwapo. Mwenye bucha angalikwenda wapi na daftari lake?

Zamani angaliambiwa amtafute wakili, na ada ya wakili ingalikula nyama yote na mifupa. Leo iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja: bidhaa na huduma, fedha zilizoshikwa, hasara ya mali, fidia ya majeraha. Mtu aweza kujisemea mwenyewe. Mwamuzi wake ni wakili mwenye uzoefu wa miaka mitatu angaa, wala hakufungwa barabara na kanuni za ushahidi. Shauri lapaswa kumalizika ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na rufaa yake kwa Mahakama Kuu ni juu ya sheria tu, si juu ya nani alisema kweli.

Siku 60! Mtu aliyewahi kungoja kesi ya madai miaka saba, naye yuko katika kila ukoo wa nchi hii, husikia tarakimu hiyo kama ngano. Muda wenyewe umezua mushkeli: majaji wa Mahakama Kuu wamehitilafiana kama hukumu iliyotolewa baada ya siku ya 60 ni hukumu au ni karatasi tupu.

Na hapa ndipo masomo ya chuoni, niliyoelekea kuyalaumu, yanapoonyesha kazi yake. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo serikali ya kikoloni iliinakili kutoka sheria ya Kiingereza ya 1893, chasema kwamba mkataba wa bidhaa za thamani ya shilingi 200 au zaidi hauwezi kudaiwa mahakamani ila mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, au ametoa arbuni, au pana maandishi yaliyotiwa saini. Shilingi 200 leo hazinunui hata nusu kilo ya nyama ya mifupa, lakini kifungu kimekaa pale pale. Nyama iliyokwisha kupokewa yatosha kwa kifungu hicho, lakini mwenye bucha mwangalifu angalimtaka mteja wake atie saini kila ukurasa.

Vivyo hivyo ujumbe wa M-Pesa. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 106B, yataka maandishi ya kielektroniki yaambatane na cheti cha mtu mwenye dhamana ya chombo kilichoyatoa. Na deni la mkataba hufa baada ya miaka sita likiwa halikudaiwa. Mwanafunzi ajuaye mambo hayo matatu, akaweza kumweleza mama wa kibanda kabla chai haijapoa, ana mali. Asiyeweza kumweleza ana cheti.

> Mwanafunzi ajuaye mambo hayo matatu, akaweza kumweleza mama wa kibanda kabla chai haijapoa, ana mali.

WANAOITILIA SHAKA SULUHU

Nilipoyataja haya kwa wakili mmoja rafiki yangu, ambaye amesimama mahakamani kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mimi katika uandishi, alicheka, kisha akakasirika. Hoja yake, nikiifupisha, ni kwamba mnyonge hana silaha ila hukumu. Ukimwondoa mbele ya jaji ukamkalisha sebuleni na mwenye nguvu, umemwacha na adabu yake tu.

Si hoja mpya, wala si dhaifu. Frank Sander wa Harvard alipopendekeza huko Marekani mnamo 1976 kwamba mahakama iwe nyumba ya milango mingi, kila mgogoro uingie kwa mlango wake, wengi walishangilia. Na miaka minane baadaye, 1984, Owen Fiss wa Yale akaandika makala mashuhuri ya kuipinga suluhu. Alisema kwamba maskini hukubali kidogo kwa sababu anahitaji fedha leo, na kwamba kazi ya jaji si kunyamazisha ugomvi bali ni kutangaza hadharani sheria inasema nini.

Nimeupima msemo huo kwa mizani ya Burma. Kama kila nyama iliyochacha itagawanywa baina ya muuzaji na mnunuzi chini ya mwavuli, pasipo jaji yeyote kuulizwa, basi kesho na kesho kutwa hakuna atakayejua hasara ya umeme kukatika ni ya nani. Kila juma itagawanywa upya, na kila juma atakayebeba zaidi ni yule mwenye haja zaidi.

Na haja hiyo niliiona. Watu walipotawanyika nilimfuata mama wa kibanda, nikamuuliza kama ameridhika. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto. Akasema mwenye bucha yule ndiye wa pekee anayemkopesha, na kwamba wateja wake ni mafundi na makuli wanaolipwa mwisho wa juma. Angalizikataa zile 1,500, Jumatatu angaliwapikia nini? Alisema pia, na sauti yake haikuwa na uchungu, kwamba angalienda mahakamani angalishinda pengine, akarudi na karatasi ya ushindi kwenye jiko baridi.

Sasa msomaji ataona ugumu ulipo. Maneno yale yale ya mama yamthibitisha Fiss na kumkanusha. Suluhu ilimwelemea kwa kuwa ni mnyonge. Na suluhu hiyo hiyo ndiyo iliyompa kitu ambacho hukumu haikuweza kumpa, yaani nyama ya Jumatatu.

Mimi naegemea upande wa mama, lakini kwa sharti. Mpatanishi asiyejua sheria hawezi kujua ni lini mmoja wa wale walioketi mbele yake anauza haki yake kwa bei ya kutupa. Na mzee wa matumbo, pamoja na busara yake yote, hakumuuliza mwenye bucha swali la msingi, ambalo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa 2 angaliuliza: nyama ilikuwa nzima ilipotoka mkononi mwako? Kama usiku friji ilizima, na asubuhi nyama ikauzwa, hoja ya jua la mchana yapungua nguvu sana. Binti alijua. Aliniambia baadaye kwamba swali lilikuwa ulimini mwake, akaona haya kuwakatiza wakubwa.

KUJIANDAA KWENYEWE

Basi kijana ajiandae vipi? Nimewauliza wahadhiri, mawakili na wapatanishi, nikapata orodha ndefu ya semina na vyeti. Vyeti vyenyewe si vya kudharauliwa: tawi la Kenya la Chartered Institute of Arbitrators limekuwapo tangu 1984, na ngazi zake hupandwa na mtu wa taaluma yoyote. Vitabu pia viko, vya Kariuki Muigua hususa, ambaye ameandika juu ya usuluhishi katika Kenya zaidi ya watu wengi.

Lakini jambo ambalo kila mmoja wao alilitaja, kwa njia ya kando, kana kwamba si la kuandikwa gazetini, ni kukaa. Kukaa katika kiti cha nyuma cha mahakama ya wazi, ambayo mlango wake haumkatazi raia, ukatazama jinsi shauri linavyopotea kwa sababu mtu hakuleta risiti. Kukaa katika kliniki ya sheria ya chuo, au katika shirika kama Kituo cha Sheria, ambalo tangu 1973 limekuwa likiwasemea maskini wa jiji hili, ukasikiliza kisa cha saa nzima ambacho kiini chake kimo katika dakika ya hamsini. Mwanafunzi aliyezoea kupewa mkasa uliopangwa katika aya tatu hupigwa na bumbuazi akutanapo na mkasa uliopangwa na maisha.

Na hesabu. Migogoro mingi ya madai ni hesabu zilizovaa hasira. Yule mzee hakufanya muujiza: aliligawa deni katika mafungu matatu, lisilobishaniwa, lenye ushahidi, na la kujadiliwa, na fungu kubwa lilipowekwa kando, ugomvi wa 23,600 ukawa ugomvi wa 2,500, ambao wanadamu wazima huona aibu kuupigia kelele. Sijaona somo la kusoma daftari la deni katika ratiba yoyote ya chuo niliyoonyeshwa.

Kisha lugha. Sheria ya Mwenendo wa Madai yakifanya Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufani, na mahakama za chini yaziachia Kiingereza au Kiswahili. Tanzania, ambako mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili miaka yote, ilikwenda mbele mnamo 2021 ikakifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote. Hapa kwetu kijana hufundishwa kwa Kiingereza, huandika kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hutumwa kwa mteja ambaye kosa, hatia, dhima na dhamana kwake ni maneno manne tofauti, naye wakili huyatafsiri yote kwa neno moja.

> Migogoro mingi ya madai ni hesabu zilizovaa hasira.

KARATASI

Nirudi kwa binti tuliyemwacha na kalamu.

Mstari wa kwanza aliouandika ulikuwa wa Kiingereza, wenye maneno yale ya kizamani ambayo mawakili huyapenda, na mzee alipomtaka ausome kwa sauti, mwenye bucha na mama wakatazamana, kwa mara ya kwanza asubuhi ile wakiwa upande mmoja. Akaukata. Akaandika: “Sisi wawili tuliotia saini hapa chini tumekubaliana.” Akaendelea hivyo, deni, kiasi kilichotolewa, siku ya kulipa, nambari ya simu ya mwenye bucha mwenyewe na si ya kijana wake, na hilo la nambari alilibuni yeye, bila kuambiwa na mtu, nikaona mzee akitikisa kichwa kidogo.

Ukurasa ulijaa. Mwenye bucha akatia saini, akampa mama kalamu. Mama hakuipokea. Aliusoma ukurasa wote kwa kidole, polepole, kutoka juu hadi chini, kisha akamuuliza binti kwa upole:

“Sasa, mwanangu, umeme ukipotea tena?”

Mwenye bucha akafungua kinywa, akakifunga. Binti alimtazama mjomba wake, akamtazama mzee, na hakuna aliyemsaidia. Safari hii hakuona haya. Alimgeukia mwenye bucha akamuuliza kama yuko tayari iandikwe kwamba asubuhi yoyote friji ikiwa imezima usiku, atamwambia mteja kabla ya kupima. Watu wa makreti walikuwa wamekwisha kuacha supu zao. Mwenye bucha alijikuna shingo kwa muda, akasema sawa, iandikwe, lakini na yeye aandikiwe kwamba nyama ikirudi irudi kabla ya saa sita.

Binti akaigeuza karatasi, akaanza kuandika upande wa nyuma.